Foleni iliyosingiziwa makutano: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Usuli

Mji wa Mombasa umekaa kisiwani, na milango yake inahesabika. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa na Kipevu, kusini kuna feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu imewafaa wanaotoka kusini kwenda upande wa Miritini bila kugusa kisiwa, lakini mtu anayelala bara na kufanya kazi mjini hana pa kukwepea. Atapita mlango mmojawapo, na asubuhi wenzake wote wanapita papo hapo.

Kisa hiki ni cha barabara mojawapo ya bara inayoelekea kwenye milango hiyo. Siitaji ni ipi. Namba nimezizungusha ili eneo lisitambulike, ila uwiano kati yake nimeuacha ulivyokuwa, maana ndio unaofundisha. Hali ya mahali ni hii: njia mbili kuelekea mjini, makutano yanayoongozwa na askari wa trafiki kwa mkono, kisha mita 250 mbele ya makutano kuna steji ya matatu chini ya mwarobaini, na mama anayeuza mahamri na mbaazi. Kando ya lami pana nafasi ya matatu mbili kusimama bila kumzuia mtu. Ya tatu ikija, yasimama barabarani.

Malalamiko yalikuwa ya miaka. Kuanzia saa moja kasorobo asubuhi foleni inarudi nyuma ya makutano kilomita moja na nusu na zaidi. Lawama zote zilimwangukia askari: anapendelea barabara ya pembeni, anaongea na simu, hajui kazi. Ofisi moja inayohusika ikatuita timu yetu (mimi mwalimu wa hesabu, mhandisi kijana wa barabara, na wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu) tuthibitishe kwa modeli, yaani mfano wa kihesabu, kwamba taa kwenye makutano zitapunguza foleni. Neno walilotumia ni hilo hilo, kuthibitisha. Nilipaswa kulisikiliza vizuri zaidi siku ile.

Wiki nne za kwanza: gari moja moja

Mwendo wa magari unaweza kuandikwa kihesabu kwa ngazi tofauti. Ukisimama karibu kabisa, unaandika kanuni ya kila dereva: anamtazama aliye mbele, anapima nafasi na tofauti ya mwendo, anaongeza mafuta au anakanyaga breki. Magari elfu moja, kanuni elfu moja, na kompyuta inazipigia hesabu kila sekunde. Ukisimama mbali, magari yanapotea machoni na unabaki na vitu vitatu tu: msongamano, yaani magari mangapi kwa kilomita, mtiririko, magari mangapi kwa saa, na mwendo. Katikati kuna ngazi inayokopa nadharia ya gesi, ambayo wanasayansi Prigogine na Herman waliikuza miaka ya 1960 na kuiandikia kitabu 1971. Hapo huulizi gari hili linakwenda vipi, unauliza ni sehemu gani ya magari yanakwenda mwendo gani. Hiyo ya katikati hatukuihitaji na siigusi tena.

Tulianza karibu. Sababu ya kweli, nikiitoa bila aibu, ni kwamba picha za kompyuta zinapendeza mkutanoni. Mtu akiona vigari vya rangi vikitembea kwenye ramani ya mtaa wake, anaamini. Tulitumia SUMO, programu ya bure iliyotoka kwa Wajerumani wa kituo cha anga mwaka 2001, na ramani tukaichota OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Mara ya kwanza kuwasha, magari yote ya Mombasa yaliendeshwa upande wa kulia. Tulicheka, tukarekebisha. Baadaye nimeiona ile kama onyo: programu ilikuwa imekuja na barabara za kwao, na kuhamisha upande wa usukani ndio kazi iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Tuktuk haina njia yake. Inajipenyeza kati ya lori na matatu, bodaboda inapita kushoto kwa kushoto, na mkokoteni wa hamali unachukua nusu ya njia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dereva wa kwenye programu, ukimwacha alivyoletwa, anataka mita mbili na nusu mbele yake akisimama. Nani Mombasa anaacha mita mbili na nusu? Ukiacha, pana tuktuk tayari.

Wiki ya tatu tukaingiza hesabu ya magari. Tulikuwa tumeihesabu pale makutano, saa ya foleni, tukapata kama magari 1,100 kwa saa kuelekea mjini. (Hesabu ya kwanza kabisa tuliitupa. Ilifanyika Ramadhani, ambapo asubuhi hulala na vurugu yote huhamia saa moja kabla ya futari.) Tukawasha modeli. Hakuna foleni. Hata gari moja halikusimama zaidi ya zamu yake. Barabara yetu ya kompyuta ilikuwa nyeupe kama mji adhana ya magharibi ikishalia mwezi wa mfungo.

Wiki moja nzima tukaibembeleza. Tuliwafanya madereva wazito kushtuka, tukapunguza ujanja wao wa kubadili njia, tukaongeza muda wa askari kubadili mkono. Foleni ikatokea hatimaye, tena pale pale makutano, na urefu uliofanana na ule wa kweli. Mhandisi wetu alifurahi. Mimi usingizi haukunijia vizuri, kwa sababu tulikuwa na vigezo sita vya kugeuza na jambo moja tu lililopimwa. Kwa uhuru wa namna hiyo ningeweza kuifanya foleni itoke popote, hata mbele ya duka la mpinzani wangu.

Namba moja, hali mbili

Kosa lilikuwa kwenye zile 1,100. Mwanafunzi mmoja aliliona kabla yangu.

Mwaka 1935 Mmarekani Greenshields aliweka pamoja vipimo vya mwendo na msongamano, akasema mwendo unashuka kwa mstari ulionyooka kadiri magari yanavyosongamana. Mstari ule umerekebishwa sana na waliofuata, lakini matokeo yake yamebaki. Mtiririko ni msongamano mara mwendo, hivyo barabara tupu ina mtiririko mdogo kwa kuwa magari ni machache, na barabara iliyojaa ina mtiririko mdogo kwa kuwa hayaendi. Kilele kiko katikati. Ukichora, unapata kilima.

Kata kilima kwa mstari wa mlalo: unakikata mara mbili. Magari 1,100 kwa saa yanaweza kuwa barabara nzuri ya saa nne asubuhi, na yanaweza kuwa jam ya kufa mtu ya saa moja na robo. Ukisimama na kaunta yako ya kuhesabia magari ndani ya foleni, unachohesabu ni kiasi ambacho kizuizi cha mbele kinakiruhusu kipite. Watu wangapi *wanataka* kupita, hiyo ni hesabu nyingine, na inachukuliwa nyuma kabisa ya mkia, ambako magari bado yanakimbia. Sisi tuliwapa magari ya kompyuta mahitaji madogo kuliko ya kweli, kisha tukashangaa kwa nini yanapita bila shida.

Hapo nikaamua tuzime programu. Uamuzi haukupendwa. Wiki nne zilikuwa zimekwenda, na ofisi ilikuwa imeshaonyeshwa vigari vya rangi.

Kurudi mbali

Modeli ya mbali ni ya zamani na ni nyepesi. Wanahesabu wa Uingereza, Lighthill na Whitham, waliichapisha 1955 kama nusu ya pili ya kazi moja; nusu ya kwanza ilihusu mafuriko ya mito mirefu. Richards akaifikia peke yake 1956. Msingi wake hata karani wa duka anaujua: vilivyoingia kuondoa vilivyotoka ni vilivyobaki ndani. Gari halizaliwi barabarani wala haliyeyuki. Ukiongeza dhana moja tu, kwamba msongamano ukiujua mtiririko umeujua, unapata mlinganyo unaokwambia mkia wa foleni utatembea kwa mwendo gani.

Mahitaji yake yalikuwa watu watatu, kaunta za kubonyeza na saa zinazolingana. Mmoja tulimweka A, kilomita tatu nyuma, ambako foleni haifiki. Mmoja B, makutano. Mmoja C, mita hamsini baada ya steji. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, wakiandika jumla kila dakika tano, siku nne za kazi. Gari dogo tulilihesabu moja, lori mbili na nusu, tuktuk nusu, bodaboda robo.

Mzee mmoja dereva alitukuta tukipanga haya, akatuambia kazi yetu ni bure. "Jam ya hapa ni kama jini, mwalimu. Waingia, wakaa, watoka, huoni kilichokuzuia." Sikumpuuza. Jam ya namna hiyo ipo: mwaka 2008 watafiti wa Japani, Sugiyama na wenzake, walichapisha jaribio la magari 22 yakizunguka duara la mita 230, hakuna taa, hakuna steji, na bado wimbi la kusimama likajitokeza lenyewe na kurudi nyuma kinyume cha mwendo wa magari. Lakini jini hilo lina alama yake. Kichwa chake kinahama. Foleni ya kizuizi kichwa chake hukaa pale pale, mkia tu ndio unaorefuka. Kwa hiyo swali la mzee lilijibika kwa macho, mradi upate mahali pa kutazama kutoka juu.

Saa 12:40

Tulipata roshani ya ghorofa ya tatu, upande wa pili wa steji. Nimekaa pale asubuhi mbili, na haya ndiyo niliyoyaona, asubuhi zote mbili karibu sawa.

Saa 12:38 matatu mbili zimo kwenye nafasi. Ya kwanza imejaza nusu, makanga amening'inia mlangoni akiita. Ya tatu inafika. Inaingiza pua pembeni, mkia unabaki kwenye njia ya kushoto. Probox iliyokuwa nyuma yake inataka kutoka kwenda kulia. Lori la kulia linakanyaga breki kuipisha. Tuktuk inaingia kwenye upenyo ambao lori limeuacha. Lori linakanyaga tena. Makanga wa matatu ya tatu anapiga bodi mara mbili, dereva hasogei, kwa sababu kuna mama anashuka kichochoroni amebeba mtoto na mkoba, na mama yule ni nauli. Taa za breki zinawaka moja baada ya nyingine kurudi nyuma, njia zote mbili. Matatu ya tatu ikiondoka, ya nne imeshachukua mahali pake.

Dakika saba baadaye wekundu wa breki umefika makutano. Askari anainua mkono, anaizuia barabara ya pembeni, anawaita wa kwenda mjini. Gari la kwanza linasogea mita tatu, linasimama. Hakuna pa kwenda. Askari anabaki ameunyoosha mkono kama mtu anayeagana na meli.

Baadaye nilimwendea. "Nawapa njia, hawendi," akasema. "Sasa lawama yangu ni ipi?"

Hesabu za kaunta zilisema vivyo hivyo. Kwenye A, kuanzia 12:40, magari 1,400 kwa saa yalikuwa yakija kwa mwendo wa kilomita 40, maana yake magari 35 kwa kilomita. Kwenye C yalipita 1,100, hayakuzidi hata siku moja. Ndani ya foleni, kwa picha za roshani, tulihesabu kama 150 kwa kilomita. Mwendo wa mkia ni tofauti ya mitiririko ikigawanywa kwa tofauti ya misongamano: 300 kwa 115, kilomita 2.6 kwa saa kurudi nyuma. Mita 250 kutoka steji hadi makutano zinachukua dakika sita hivi. Tuliona saba.

Mlinganyo wa mwaka 1955, kalamu na karatasi, ulikosea dakika moja. Programu ya wiki nne ilikuwa imekosea mahali penyewe.

Na hapo ndipo siri ya lawama za miaka ilipofichuka. Foleni iligusa makutano dakika saba tu baada ya kuanza, kabla watu wengi hawajaamka vizuri. Aliyefika saa moja aliikuta makutano na nyuma ya makutano. Akishavuka na kuipita steji njia inafunguka, naye anashukuru Mungu bila kugeuza shingo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitazama steji.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kuiambia ofisi kwamba taa hazitasaidia. Taa zinagawa uwezo wa makutano, na makutano hayakuwa na upungufu wa uwezo. Tena taa zingepoteza sekunde kila zinapobadilika, na zingempa kijani mtu ambaye mbele yake pamejaa. Kikao hicho kilikuwa kigumu. Kuna aliyeniuliza kama nimekuja kumtetea trafiki.

Kilichobadili hewa ya chumba ni hesabu ya ucheleweshaji. Kwa dakika hamsini, kutoka 12:40 hadi 1:30, magari 300 ya ziada kwa saa yanajilimbikiza: 250. Baada ya hapo wanaokuja wanashuka hadi 900, foleni inapungua kwa 200 kila saa, inaisha saa 2:45. Gari lililofika saa 1:30 lina magari 250 mbele yake na mlango unaotoa 1,100 kwa saa, kwa hiyo linasubiri karibu dakika 14. Jumla ya muda unaopotea asubuhi moja, yaani eneo la pembetatu kati ya mistari miwili ukichora jumla za kaunta ya A na ya C dakika kwa dakika, ni saa 260 za magari.

Sasa ipandishe C kutoka 1,100 hadi 1,250. Ni asilimia 14 tu. Saa 1:30 foleni ina magari 125, inaisha saa mbili kasoro dakika tisa, na muda unaopotea unashuka hadi saa 74. Yaani robo na kitu kidogo cha ule wa mwanzo. Watu wengi hudhani ukiongeza uwezo kidogo utapunguza foleni kidogo, lakini foleni ni tofauti kati ya namba mbili kubwa. Ukisukuma moja kidogo, tofauti inaanguka vibaya.

Swali likabaki: steji inahitaji nafasi ngapi? Hapa ndipo tuliporudi karibu, ila safari hii kwa mita 120 tu, na bila programu. Matatu 150 kwa saa zilisimama pale, kila moja kwa wastani wa sekunde 70. Kanuni ya Little, ya hesabu za foleni, iliyothibitishwa 1961, inasema wastani wa zilizopo ni zinazofika mara muda zinaokaa: matatu 2.9. Nafasi ni mbili! Ukichukulia zinafika bila mpango, zaidi ya nusu ya wakati kuna mkia wa matatu njiani. Kwa nafasi nne, ni kama mara moja kwa sita.

Tukapendekeza steji isogezwe mita 90 mbele, ambako kando ya barabara pana upana wa matatu nne, na karani wa steji asimamie kanuni ya dakika moja. Wenye matatu walikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Wao ndio waliokuwa wanapoteza mzunguko mzima wa asubuhi kwenye foleni ya kujitengenezea.

Matokeo

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. C ilipitisha 1,250 kama tulivyoandika, foleni ilikwisha kabla ya saa mbili, askari alipungiwa mikono na madereva waliokuwa wakimtukana.

Wiki ya tatu mwanafunzi akanipigia simu kutoka roshani. Matatu zinasimama mara mbili. Mara ya kwanza chini ya mwarobaini, pa zamani, kisha mita 90 mbele, pa halali. Kichochoro kinachotoa abiria kinafungukia kwenye mwarobaini, na pale mbele hapana kivuli wala mahamri. Abiria wa saa kumi na mbili na nusu hatembei mita 90 akiwa na imani kwamba matatu itampita hapa hapa, na makanga hawezi kuiacha nauli imesimama. C ikashuka hadi 1,050. Tulikuwa tumeifanya hali iwe mbaya kuliko tulivyoikuta. Gari la saa 1:30 sasa lilisubiri dakika 17.

Ofisi ilitaka kuweka vyuma kuwazuia abiria. Mhandisi wetu alipinga, nami nikamuunga mkono, kwa kuwa wangepita juu ya vyuma na kushukia barabarani. Badala yake wenye matatu walichanga lori mbili za murram, wakapanua bega la barabara pale pale kwenye mwarobaini na mbele yake kidogo, hadi matatu nne zikaenea. Steji ya mita 90 ikafa kimya kimya. Mvua za masika zilipoingia, murram ikageuka dimbwi na matatu zikarudi barabarani kwa wiki mbili, mpaka mtaro ulipochimbwa. Mtaro haukuwemo kwenye mlinganyo wowote tuliouandika.

Kipimo cha mwisho tulichochukua kilitoa 1,180 kwenye C. Foleni saa 1:30 ni magari 183, inaisha saa mbili na dakika tisa, na muda unaopotea ni saa 136. Nusu ya ule wa mwanzo. Sikuahidi nusu. Niliahidi robo.

Uchambuzi

Modeli ya mbali ilifanya kazi kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la mbali: kichwa cha foleni kiko wapi, na kinaachia magari mangapi. Swali hilo halijali tuktuk inapenya vipi; matokeo ya kupenya kwake yote yamekwisha kuingia ndani ya 1,100. Siwashauri watu waache programu za gari moja moja. Kama tungekuwa tumeulizwa bodaboda wapewe njia yao au la, kalamu na karatasi zisingefika popote. Lakini tuliichagua kabla ya kulijua swali.

Modeli ya karibu tuliyoitumia baadaye, ile ya nafasi nne, hesabu yake ilikuwa sahihi na dhana yake mbovu. Tuliichukua matatu kama basi dogo linalosimama mahali palipoandikwa kituo. Matatu ni duka linalotembea. Husimama penye mteja, na mteja yupo penye kichochoro na kivuli. Mtu yeyote wa pale angetuambia bure, na mama wa mahamri alisema alimwambia mwanafunzi wetu mmoja wiki ya pili. Mwanafunzi anakumbuka alinunua mahamri tu.

Jambo la tatu linanisumbua bado. Kabla ya mabadiliko, steji ilikuwa inawachuja watu: magari 1,100 kwa saa yaende kisiwani, mengine yangoje. Tulipofungua, madereva walianza kusema foleni ya karibu na mlango wa kisiwa imeongezeka. Watafiti Geroliminis na Daganzo walionyesha 2008, kwa takwimu za mji wa Yokohama, Japani, kwamba hata mtaa mzima una kilima chake: magari yakizidi idadi fulani ndani, yanayofanikiwa kufika yanapungua. Kisiwa chenye milango michache ni mahali pazuri mno pa kupimia jambo hili, na yumkini pia ni mahali ambapo kuharakisha kuingia si faida kwa kila mtu. Kaunta zetu tatu zote zilikuwa bara. Hatukuweka hata moja ndani, kwa hiyo sehemu ya ile nusu tuliyookoa huenda ilipotelea kilomita nne mbele, na hesabu yangu ya saa 136 haiioni.

La mwisho ni daftari. Tulipokwenda kuagana, karani wa steji alitoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akaniuliza kama lingetufaa. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika kila matatu, dakika ya kuingia na dakika ya kutoka, ili wasigombanie zamu. Nililipitia usiku ule. Zile sekunde 70 zetu zilikuwa wastani wa makundi mawili yasiyofanana. Saba katika kumi zilikuwa zinapita na abiria tayari, zikikaa sekunde 25 hivi. Tatu katika kumi zilikuwa tupu, zinaanzia pale, na zilikaa karibu dakika tatu zikijaza. Hizo tatu ndizo zilizokula robo tatu ya muda wote wa nafasi. Kanuni yetu ya dakika moja iliwabana wote sawasawa, wakati ilitosha zile tupu zijazie kwenye uwanja ulio nyuma ya duka la vifaa, hatua thelathini kutoka barabarani, zije steji zikiwa na watu. Nilimpigia mwenyekiti wao kesho yake. Akasema uwanja ule una mwenyewe, lakini ni mtu wa kuzungumza naye.